Upande wa magharibi wa nyumba: kichanja cha viazi vikuu au mti wa kivuli?

Mkazi wa Buswelu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 huku Buswelu, Ilemela, jijini Mwanza, na nyumba yangu imeelekea mashariki. Kwa hiyo ukuta wa nyuma, wenye madirisha ya vyumba viwili vya kulala, ndio unaopokea jua la alasiri. Kuanzia saa tisa mpaka machweo ukuta huo hunyonya joto na kulirudisha ndani usiku, na mwezi Agosti na Septemba watoto hushindwa kabisa kulala mapema. Kati ya ukuta huo na uzio nina nafasi ya mita 9 ambayo haijapandwa kitu. Udongo ni wa kichanga wenye changarawe, na nikichimba mita moja na nusu hivi hukutana na mwamba katika baadhi ya sehemu, kama ilivyo kawaida ya mji wetu.

Mke wangu, ambaye kwao ni Muleba, anapendekeza tujenge kichanja cha milunda kando ya ukuta, tupande viazi vikuu vitambae juu yake, ili tupate kivuli na chakula kwa gharama moja. Mimi naona mti ndio suluhisho la kudumu, ingawa naogopa mizizi kufuata msingi na karo la maji taka, ambalo liko upande huo huo kwenye kona ya kusini. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: kipi kati ya hivyo viwili kitatupa kivuli katika miezi tunayokihitaji, na je, kuna namna ya kuviweka vyote bila kimoja kukiharibu kingine?

Bwana Shamba Mstaafu

Ndugu Mkazi wa Buswelu, umefanya vema kutaja upande wa jua na kina cha udongo, kwa kuwa wengi huuliza bila kutaja lolote kati ya hayo. Nitaanza na kalenda, maana hapo ndipo hoja ya kichanja inapokwama.

Kiazi kikuu hakikai na majani mwaka mzima. Mvua zetu za Mwanza huanza Oktoba au Novemba, hupungua kidogo Januari na Februari, kisha hurudi Machi hadi Mei. Kiazi kilichopandwa mwanzoni mwa vuli huchipua, hutambaa kwa kasi, na baada ya miezi michache marando yake yanaweza kuwa yamefunika kichanja chote. Mmea huo huhitaji miezi 8 hadi 10 kukomaa. Masika yakikatika, majani hugeuka manjano, marando hukauka, na sehemu yote ya juu hufa huku kiazi kikibaki ardhini kimelala. Hiyo ni Juni au Julai. Sasa linganisha na maelezo yako mwenyewe: joto linalowasumbua watoto ni la Agosti na Septemba, miezi ambayo kichanja kitakuwa fito tupu na kamba za marando makavu. Kivuli chake kizito zaidi mtakipata Aprili, wakati ambapo mawingu ya masika yanaifanya kazi hiyo bila malipo.

Msidhani kwamba kumwagilia kutaubadilisha utaratibu huo. Kulala ni tabia ya mmea wenyewe, na kiazi kilichokomaa hukaa kwa kawaida miezi 2 hadi 3 kabla ya kuwa tayari kuchipua tena, hata kikiwekwa mahali penye unyevu.

Mti nao una kasoro ya upande wa pili, yaani hauna haraka. Mche uliotunzwa vizuri, ukapewa samadi na maji katika viangazi viwili vya mwanzo, utahitaji miaka kadhaa kabla ya kuwa na kivuli cha maana ukutani. Lakini ukishafika, unabaki. Kwa hiyo, kama swali ni kivuli cha Agosti, jibu ni mti, na viazi vikuu vihesabiwe kama chakula.

Kuhusu udongo wako, unavyoueleza ni ule ambao Wasukuma huuita luseni: mwepesi, unaolimika kwa urahisi, lakini usioshika maji wala rutuba kwa muda mrefu. Kiazi kikuu kinapenda udongo mlaini na wenye kina, kwa hiyo mwamba ulio chini utakisumbua kuliko utakavyousumbua mti. Mti hutafuta ufa. Tazameni mikuyu iliyoota kati ya majabali ya vilima vyetu, hakuna aliyeichimbia shimo. Kiazi kikigonga jiwe hupinda, hugawanyika vidole, na kukichimbua bila kukivunja huwa ni shughuli ya nusu siku. Mkikipanda, inueni tuta la duara lenye kimo cha nusu mita au zaidi, lililochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ili kipate kina kwenda juu badala ya kwenda chini.

Mjenzi wa Nyakato

Mzee hapo juu ameeleza kalenda, nami naongeza jua lenyewe, kwa sababu watu wengi hupanda mti mahali pazuri kwa macho lakini pasipo na msaada kwa ukuta.

Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Matokeo yake ni kwamba jua letu hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, na jua la saa kumi alasiri hapa kwetu bado liko juu kidogo kuliko lile la saa kumi Dar es Salaam. Saa kumi, kivuli cha kitu kilichosimama huzidi kidogo urefu wake. Saa kumi na moja kinakuwa karibu mara mbili ya urefu huo.

Sasa chukua mti wenye urefu wa mita 6, uliopandwa mita 5 na nusu kutoka ukutani. Saa kumi, kivuli cha kilele chake kitakuwa kimepanda ukutani mita moja hivi, yaani bado hakijafika dirishani. Saa kumi na moja kitakuwa kimepita mita 3, na ukuta mzima wa nyumba ya kawaida umefunikwa. Mti huo huo ukifika mita 8 utafunika madirisha tangu saa kumi. Kwa hesabu hiyo, huhitaji mti mkubwa sana wala huhitaji kuusogeza karibu na nyumba. Mita 5 hadi 6 zinatosha, na katika nafasi yako ya mita 9 zinabaki mita 3 au zaidi kabla ya uzio wa jirani, ambaye naye ana haki ya kutofagia majani yako.

Kuna jambo la mwelekeo pia. Tuko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huzama likiwa limeegemea kaskazini mwa magharibi kwa nyuzi kama 23, na Desemba huegemea kusini kwa kiasi hicho hicho. Mwishoni mwa Septemba huzama karibu magharibi kamili. Kwa kuwa unalilia Agosti na Septemba, usiupande mti katikati kabisa ya ukuta, bali usogeze kidogo kaskazini mwa katikati. Kwa bahati njema, huko ndiko kuliko mbali na karo.

Jua la saa tisa ni habari nyingine. Saa hiyo jua bado liko juu sana, na mti ulioko mita 5 na nusu hausaidii ukuta mpaka matawi yake yatanuke. Kinachosaidia ni kitu kilichoshikana na nyumba, kama vile upenu uliorefushwa, ubaraza wa bati, au hicho kichanja anachokitaka shemeji. Hapo simpingi. Nashauri tu kwamba kama ni kichanja cha kivuli, kipandwe pesheni, ambayo hubaki na majani mwaka mzima ikimwagiliwa, halafu viazi vikuu vitafutiwe mahali pengine. Na msichimbe matuta ya viazi yakigusana na msingi, kwa sababu kila mwaka mtakuwa mnafukua udongo ule ule unaoushikilia, na maji ya kumwagilia yatatuama palepale.

Kuhusu hofu ya mizizi: katika kichanga cha changarawe, hatari ya mti kupasua msingi kwa umbali wa mita 5 ni ndogo. Ingekuwa nyumba yako iko kwenye udongo mweusi wa mbuga ningesema vingine, kwa kuwa mfinyanzi ule huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na mti unaofyonza maji huongeza kusinyaa huko, ndipo kuta hupasuka. Karo ndilo la kuangalia zaidi. Mizizi hufuata unyevu, na bomba lenye ufa mdogo ni mwaliko. Jamii ya mikuyu na mitini, pamoja na ile miti ya mapambo yenye majani madogo yanayong'aa ambayo watu huikata iwe duara, isikaribie kabisa mabomba wala karo.

Mama wa Igoma

Shikamooni wazee. Nimesoma yote kwa makini, na naomba nimtetee mwanamke mwenzangu wa Kagera, ingawa si kwa hoja ya kichanja.

Kwetu hatupandi kiazi kikuu ili kitupe kivuli. Tunakipanda penye mti uliokwisha kusimama, ndani ya kibanja, pamoja na migomba na kahawa, na mti huo ndio unaokuwa ngazi yake. Wachaga nao hufanya hivyo katika bustani zao za Kilimanjaro, ambako viazi vikuu hupanda juu ya miti ile ile inayoitia kahawa kivuli. Kwa hiyo swali la kuchagua kimoja lina jibu la zamani: vyote viwili, lakini kwa zamu, mti ukitangulia.

Yapo masharti, na ndiyo ambayo watu wa mjini huyaruka. Sharti la kwanza, mche mdogo usipandiwe kiazi kikuu. Marando yake yanakua haraka kuliko mche, yataufunika, yataupindisha, na mwisho wa masika utakuta mti wako umedumaa au umekufa chini ya majani. Acheni mti ufike miaka mitatu au minne, uwe na shina gumu. Katika kipindi hicho pandeni viazi kando ya uzio na kuviwekea miti mikavu ya kupandia, ambayo lazima iwe imara, kwa maana upepo wa ziwani ukivuma wakati marando yamejaa majani na yamelowa mvua, fito dhaifu huanguka pamoja na kila kitu.

Sharti jingine ni mahali pa shimo. Msichimbe tuta shinani mwa mti. Liwekeni mita moja na nusu kutoka shinani, kisha vuteni kamba ya katani au mkonge kutoka kwenye tuta hadi kwenye tawi la chini. Rando litaifuata kamba lenyewe. Mkichimba kiazi Julai au Agosti, hamtaikata mizizi mikubwa ya mti, na mti hautakula samadi yote mliyoikusudia kwa kiazi.

Halafu kuna aina ya mti. Mwembe una kivuli kizito mno, na kiazi kikuu kilichopandwa chini yake hutoa rando refu lembamba linalotafuta mwanga, na ardhini hukuti kitu zaidi ya kiazi cha ukubwa wa ngumi. Kinataka mti wenye majani mepesi, unaopitisha jua. Mgrivea unafaa sana, na ndio tuliouzoea.

Tahadhari ya mwisho ni ya mbegu. Msichukue kiazi chochote kinachotambaa porini. Jamii hii ina ndugu wa mwituni wenye sumu. Kile kikuu tunachokila sana kina rando lenye pembe nne, zenye ukingo mwembamba unaojitokeza kama ubawa, na hata hicho hakiliwi kibichi. Kikimenywa huwasha mikono ya baadhi ya watu, kwa hiyo pakeni mafuta kwanza. Mbegu ni kipande cha kiazi chenyewe, na cha upande wa kichwa, kilipoungana na rando, ndicho kinachochipua mapema zaidi. Kipande kipakwe majivu, kikauke kivulini siku mbili tatu, ndipo kipandwe.

Kijana wa Kisesa

Samahani wakubwa, mbona hakuna aliyetaja viazi vitamu? Navyo ni mmea unaotambaa, vinakomaa kwa miezi mitatu hadi mitano, na kwetu Usukumani ndivyo vinavyotupa michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, vya kiangazi. Je, haviwezi kupandwa chini ya mti huo ili ardhi isibaki wazi? Pia nimewahi kusikia kuwa mimea inayotambaa karibu na madirisha huleta nyoka.

Bwana Shamba Mstaafu

Kijana, viazi vitamu havipandi juu, vinatambaa chini, kwa hiyo havina neno katika kivuli cha ukuta. Chini ya mti vitafunika ardhi na kukupa matembele, lakini usitegemee viazi, kwa sababu penye kivuli mmea huo hujaza majani na kuacha mizizi ikiwa myembamba. Sehemu hiyo ina faida moja, nayo ni kutunzia marando ya mbegu wakati wa kiangazi, kazi ambayo wakulima wengi huifanya mabondeni au penye maji ya kuogea. Ila yakaguliwe. Marando yenye majani yaliyokunjamana na kupauka yana ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na vidukari, na ukiyapanda tena unaupanda ugonjwa wenyewe. Yang'olewe na kuchomwa.

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na chakula. Fagia.

Mkazi wa Buswelu

Nawashukuru sana wote, na mke wangu amefurahi kuona kuwa utaratibu wa kwao umetetewa. Tumekubaliana kurefusha upenu kwa ajili ya jua la saa tisa, kupanda mti mmoja mita 5 na nusu kutoka ukutani, upande wa kaskazini, na kuanzisha matuta matatu ya viazi vikuu kando ya uzio kwa vuli ijayo. Limebaki suala la aina ya mti. Mama wa Igoma amependekeza mgrivea, lakini jirani yangu anasisitiza mwarobaini, na shangazi yangu anataka mwembe kwa sababu ya matunda. Je, mwamba ulioko chini unabadilisha uchaguzi?

Bwana Shamba Mstaafu

Unabadilisha, na hapa nitatofautiana kidogo na Mama wa Igoma. Mgrivea ni mti mzuri shambani, hauyanyimi sana mazao jirani maji, na ndiyo sababu umeenea katika mashamba ya kahawa tangu ulipoletwa kutoka Australia. Lakini matawi yake huvunjika kirahisi kwa upepo, nao hurefuka sana usipokatwa kilele. Penye mwamba wa karibu, mti mrefu uliosimama mita 5 na nusu kutoka kwenye mabati yako ni jambo la kulifikiria mara mbili, hasa kwa wale wanaopigwa na upepo wa ziwani.

Mwembe wa kupandikizwa haukui mrefu mno na huzaa mapema, lakini una kivuli kizito, kwa hiyo mtakuwa mmeaga mpango wa kiazi kikuu. Tena maembe yakiiva, mawe ya watoto wa mtaa yatakayoukosa mti yataangukia mabati.

Kwa kiwanja kama chako ningepanda mwarobaini. Unavumilia udongo mwembamba wa kichanga, unavumilia ukame, na ukikatwa huchipua bila manung'uniko, kwa hiyo unaweza kuuzuia usizidi mita 8 ambazo Mjenzi ametupigia hesabu. Kasoro zake ni kwamba majani na maua hudondoka na kujaza gata, hivyo kama mnavuna maji ya paa kwa ajili ya kunywa mtalazimika kusafisha gata kabla ya mvua za kwanza, na ndege wakishakula matunda yake miche itaota kila kona. Hata hivyo, ndege hao ni wadogo. Wanaoishi karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wanajua taabu ya mti mrefu uliogeuzwa malalo ya korongo walioshiba mabaki ya samaki.

Mama wa Igoma

Nakubali hoja ya mwamba, Mzee, kwa kuwa kule kwetu udongo una kina na sikulifikiria hilo. Kiazi kikuu kitapanda juu ya mwarobaini pia, mradi matawi yapunguzwe kila mwaka ili mwanga upite. Ndugu Mkazi, zamu ya kiazi ikifika, tuta liwe upande wa magharibi wa mti, usiozibwa na nyumba, maana upande wa mashariki kitakuwa kivulini alasiri nzima. Na upunguzaji wa matawi ufanyike Oktoba, joto la Septemba likishapita, kabla kiazi hakijaanza kutambaa. Mkiupunguza Julai mtawanyima watoto kivuli kile kile mlichokipandia mti.

Mjenzi wa Nyakato

Naongeza moja tu kuhusu shimo. Kabla ya kununua mche, pigeni mtaimbo katika sehemu tatu au nne kuzunguka alama mliyoweka, mchague ile ambayo chuma kinazama zaidi, hata kama ni nusu mita pembeni mwa hesabu. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe chini pamoja na samadi. Mpande mvua zikishashika vizuri, si siku ya mvua ya kwanza, kwa kuwa Oktoba yetu mara nyingi hunyesha siku moja kisha hukauka wiki nzima.